Matola na kiti cha pili

Nimepotea kidogo. Kazi za gazeti zimebana, na pale nyumbani Tandale umeme nao una tabia zake. Leo nina jambo limenikaa kooni tangu mwaka jana, na kwa kuwa gazetini haliwezi kuenea kwenye zile aya sita ninazopewa, nalimwaga hapa lote.

Kuna jamaa yangu wa mtaani, tumekua pamoja. Watoto wanamwita Mwalimu na mimi nitamwita hivyo hivyo, jina lake halisi halina kazi hapa. Alikuwa winga, anakimbia kama anadaiwa. Alifika mpaka daraja la kwanza, hii ligi ambayo siku hizi inaitwa Championship, kisha goti likamgomea. Timu aliyoichezea mwisho (siitaji) bado ina mishahara yake ya miezi mitano, na hana tena nguvu ya kuidai. Sasa hivi anaendesha bodaboda mchana na jioni, na asubuhi ya Jumamosi na Jumapili anafundisha watoto mpira kwenye kiwanja cha vumbi mtaani kwetu. Halipwi na mtu. Wazazi wengine wanamchangia maji, wengine wanamlaumu kwamba anawaharibia watoto viatu vya shule.

Siku moja tumekaa kwenye kijiwe cha kahawa kwa Mtogole, akaniuliza hivi: "Kaka, wewe si ndiyo unakaa na hawa wakubwa wa mpira. Nikiuza pikipiki nikasomee ukocha, nitafika wapi?"

Nikamjibu haraka haraka, kama mtu anayejibu salamu, "Utafika mbali sana."

Akanywa kahawa yake, akacheka. "Mbali kama Matola?"

Mzee mmoja pale kijiweni naye akacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani swali likagoma kulala, maana sikujua kama alikuwa anamsifu Matola au anamsikitikia. Mpaka leo sijui.

Kwa wasiofuatilia soka, nitawasimulia kidogo. Na nikiri mapema kwamba mimi ni Simba, japo mhariri wangu ametukataza kusema hivyo hadharani. Mlionifahamu toka Mlimani hamhitaji kuambiwa.

Seleman Matola ni kiungo. Sisemi alikuwa kiungo, maana ukimwona anavyosimama pembeni ya uwanja unajua bado anatafuta nafasi ya kupiga pasi. Walimpa jina la Veron, yule Muargentina. Mwaka 2003 Simba ilipoivua ubingwa wa Afrika Zamalek ya Misri, nahodha alikuwa yeye. Dar es Salaam Simba ilishinda 1-0, kule Cairo ikafungwa 1-0, zikaja penalti, Juma Kaseja akasimama golini na Simba ikatoka na ushindi wa 3-2. Zamalek ndiyo walikuwa mabingwa watetezi, wadau, haikuwa timu ya kubahatisha. Mimi nilikuwa na miaka minne, nilichonacho ni hadithi ya baba na redio yake, jinsi alivyotoka nje na kandambili moja. Kila mwaka anaisimulia na kila mwaka ile kandambili inatupwa mbali zaidi.

Kocha wa ile Simba alikuwa James Siang'a, Mkenya, marehemu sasa. Na yeye alianza kama mchezaji: alidaka Harambee Stars, akaenda na Kenya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1972, kisha akageuka kocha na kuvuka mpaka kuja kutufundisha sisi. Kwa hiyo Matola alimwona kwa macho yake mchezaji wa Afrika Mashariki aliyekaa kiti cha kwanza pale Msimbazi na kumtoa bingwa wa bara zima. Hakusoma kwenye kitabu. Alikuwa amevaa kitambaa cha unahodha.

Alipotundika daluga akaanza chini, kama inavyotakiwa. Akafundisha vijana wa Simba. Mwaka 2012 Simba ilipeleka hao vijana kwenye michuano ya BancABC Super 8, watu wakasema ni dharau kwa mashindano, vijana wakalibeba kombe. Humo ndimo watu wengi walimjulia Ramadhani Singano tuliyemwita Messi. Baadaye Matola akashika Lipuli ya Iringa, timu ambayo bajeti yake ya msimu mzima nadhani isingetosha mishahara ya nyota wawili wa Kariakoo. Mwaka 2019 Lipuli hiyo iliitoa Yanga 2-0 kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, pale Samora. Fainali ikachezwa Lindi, Azam ikashinda 1-0 kwa bao la Obrey Chirwa. Akaenda Polisi Tanzania. Desemba 2019 Simba ikamwita.

Ikamwita awe msaidizi.

Na sasa tuhesabu pamoja. Tangu Desemba 2019 mpaka Desemba 2025, kiti cha kwanza cha Simba wamekikalia Sven Vandenbroeck wa Ubelgiji, Didier Gomes wa Ufaransa, Pablo Franco wa Hispania, Zoran Maki wa Serbia, Robertinho wa Brazil, Abdelhak Benchikha wa Algeria, Fadlu Davids wa Afrika Kusini, Dimitar Pantev wa Bulgaria, na Steve Barker, Afrika Kusini tena. Makocha tisa wa kigeni ndani ya miaka sita. Kuna vipindi Matola alisogezwa pembeni, kuna vipindi akarudishwa, lakini ukipiga picha ya benchi la Simba ya mwaka wowote kati ya hiyo, una nafasi nzuri ya kumpata, mikono kifuani, hatua mbili nyuma ya mzungu au mwarabu wa msimu huo.

Sven aliondoka Januari 2021, siku moja tu baada ya kuwapiga FC Platinum 4-0 na kuingiza timu makundi ya Ligi ya Mabingwa. Nani akaipeleka timu Zanzibar kwenye Mapinduzi? Matola. Akafika fainali, akafungwa na Yanga kwa penalti. Pablo akaondoka msimu wa 2021/22 ukielekea ukingoni, nani akaumalizia? Matola. Pantev kibarua chake kikaota nyasi Desemba 2025 hata miezi mitatu hakijafikisha, nani akashika filimbi wakati viongozi wakitafuta mtu? Mnajua jibu.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Hatuna shida ya wachezaji wetu kutogeuka makocha. Wanageuka, tena wengi. Tatizo ni kwamba tumewatengenezea kazi moja tu inayoitwa zimamoto. Moto ukiwaka wanaitwa, ukizimika wanaambiwa asante rudini kituoni, na nyumba anakabidhiwa mwingine.

Mfikirieni Juma Mgunda. Mtoto wa Coastal Union, kachezea, kafundisha. Septemba 2022 Zoran ameondoka ghafla, Simba ina mechi za Afrika, wakamfuata Mgunda Tanga. Akaenda Angola akawapiga Primeiro de Agosto 3-1 kwao, akaja Dar akawafunga 1-0, timu ikaingia makundi. Januari 2023 akatambulishwa Robertinho. Aprili 2024 Benchikha akaondoka, wakamwita Mgunda yule yule amalizie msimu. Akamalizia. Julai akatangazwa Fadlu.

Sasa nataka kujisema mwenyewe, maana si haki kuwasema viongozi wa klabu halafu sisi wa kalamu tujifiche nyuma ya mlango. Wakati ule wa Mgunda wa kwanza mimi nilikuwa bado mgeni kazini, natumwa mazoezini na daftari. Juzi nililitafuta lile daftari. Karibu kila ukurasa, juu kabisa, nimeandika swali la kuuliza: kocha mpya lini? Kocha mpya anatoka nchi gani? Mtu yuko pale mbele yangu, anashinda mechi, ana kikosi, ana mpango, na mimi namzunguka kumuulizia mrithi wake. Na kwenye habari zangu zote nilimwita "kaimu" au "mzawa". Hilo neno mzawa nimelitumia mpaka likachakaa. Sijawahi kumwandika daktari mzawa wala mwalimu wa hesabu mzawa. Ni kocha tu ndiye anayebandikwa, na tukilibandika msomaji anaelewa maana yake: wa bei nafuu, wa muda, tusimzoee. Akishinda tunaandika karithi timu nzuri ya mgeni. Akifungwa tunaandika tulisema.

Wazee wangu wanaweza kusema ndivyo mambo yalivyokuwa siku zote. Hapana. Muulizeni mzee yeyote aliyekuwa mtu mzima mwaka 1993. Abdallah Kibadeni, King, yule aliyeifunga Yanga mabao matatu peke yake tarehe 19 Julai 1977 siku Simba iliposhinda 6-0, alikuwa amegeuka kocha, na Simba ikampa timu. Akaipeleka fainali ya Kombe la CAF. Walitoka 0-0 na Stella kule Abidjan, nchi nzima ikajua kombe limeshafika, ikaja Dar ikafungwa 2-0. Baba hilo halisimulii. Ukimtajia Stella anauliza kama chakula kiko tayari.

Kombe la CAF lilikuwa la tatu kwa hadhi, nalijua hilo, msinirukie. Lakini klabu za Tanzania zimecheza fainali tatu tu za mashindano ya CAF: hiyo ya 1993, ya Yanga chini ya Nasreddine Nabi mwaka 2023 na ya Simba chini ya Fadlu mwaka 2025. Ya kwanza kabisa ilikuwa na Kibadeni wa hapa hapa kwenye kiti. Halafu tazama upande wa ligi. Kuanzia msimu wa 2010/11, Yanga ikiwa na Sam Timbe wa Uganda, mpaka 2024/25, hakuna hata ubingwa mmoja wa Bara uliotwaliwa na klabu yenye kocha mkuu Mtanzania. Misimu kumi na tano! Mtu anaweza kusema huo ndiyo ushahidi kwamba hawawezi. Mimi nauliza, katika hiyo misimu kumi na tano ni mara ngapi Simba, Yanga au Azam ilianza Agosti na kumaliza Mei ikiwa na Mtanzania kwenye kiti cha kwanza, akiwa amesajili yeye, amechagua wasaidizi yeye?

Waliopewa msimu mzima wako huko mikoani. Fred Felix Minziro, beki wa zamani wa Yanga, aliichukua Geita Gold akaimaliza ya nne msimu wa 2021/22, Geita ikacheza Afrika na George Mpole akawa mfungaji bora. Mecky Maxime, nahodha wa Mtibwa na wa Taifa Stars, akaisimamisha Kagera Sugar nafasi ya tatu msimu wa 2016/17. Nafasi ya tatu na Kagera, wadau. Ingekuwa kocha wa Ureno kafanya hivyo na timu ya mkoani kwao, tungekuwa tunamtafutia tiketi ya ndege.

Sasa nije kwenye majibu ya wakubwa, maana nimewauliza, na majibu yao si ya kipuuzi yote.

La kwanza ni leseni. CAF wana ngazi zao, D, C, B, A, mpaka Pro, na ukitaka kuongoza timu kwenye mashindano yao lazima uwe na ngazi ya juu. Hili ni la kweli na ni jema. Enzi za Kibadeni ulikuwa unatoka na daluga zako unaingia na filimbi. Siku hizi mwili wa binadamu una watu wanaousomea, mazoezi yanapimwa kwa mashine, video za mpinzani zinakatwa vipande vipande. Mchezaji mzuri si lazima awe kocha mzuri, na sitaki tumpe mtu timu kwa sababu ya bao la mwaka 2003. Lakini leseni inalipiwa. Inataka siku za kukaa darasani wakati huingizi senti. Klabu ambazo kila baada ya miezi kadhaa zinalipa fidia ya kuvunja mkataba wa mtu zingeweza kusomesha nusu ya makocha wa Dar es Salaam kwa hela hizo.

La pili wanasema hawana CV. Hapo mimi nachoka. CV ya kuongoza timu kubwa inapatikana kwa kuongoza timu kubwa, sijui njia nyingine. Wapo wageni waliokuja hapa tukawatafuta kwenye intaneti tukakuta mistari miwili, na bado tuliwapokea uwanja wa ndege kwa matarumbeta.

La tatu ndilo gumu na silikwepi. Taifa Stars.

Mwaka 2015 aliondolewa Mart Nooij, akaja Charles Boniface Mkwasa, kiungo wa zamani wa Yanga. Nchi nzima tukafurahi, mtu wetu. Novemba mwaka huo tulitoka 2-2 na Algeria Dar, siku tatu baadaye Blida tukafungwa saba. Saba bila. Mimi nilikuwa shule, nililala na sare.

Halafu Hemed Suleiman, Morocco wa Zanzibar. Huyu ndiye aliyeipeleka Zanzibar Heroes fainali ya Cecafa mwaka 2017, wakatolewa na Kenya kwa penalti. Januari 2024 Adel Amrouche akafungiwa na CAF mechi nane katikati ya Afcon kule Ivory Coast, Morocco akakaimu, akatoka sare na Zambia na Kongo. Akaachiwa timu. Tarehe 19 Novemba 2024 Msuva akafunga, tukaifunga Guinea 1-0 kwa Mkapa, tukafuzu Afcon. Nilikuwepo, nimeandika habari mkono unatetemeka. Agosti 2025 akaifikisha Stars robo fainali ya CHAN, akafungwa 1-0 na Morocco wenyewe (wale majina yao yanafanana, mnisamehe). Novemba 2025, mwezi mmoja na nusu kabla ya Afcon aliyofuzu yeye, akawekwa kando, timu akapewa Miguel Gamondi.

Nilikuwa na makala tayari kichwani, wadau. Kali. Nilisubiri Gamondi aharibu niitoe.

Hakuharibu. Alifungwa 2-1 na Nigeria, akatoka sare na Uganda, sare na Tunisia, na Stars ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia, kisha ikatolewa na wenyeji Morocco 1-0 tu. Nilishangilia kama mwendawazimu pale kibanda umiza, mia tano yangu ilikuwa halali, na ile makala nikaifuta.

Kwa hiyo siji hapa kusema mgeni hawezi. Gamondi anaweza, Nabi aliweza, Fadlu aliweza. Na siji kusema Hemed Morocco angefanya zaidi, hakuna anayejua. Ila hilo la "hakuna anayejua" ndilo linaloniuma. Alikula msoto wa kufuzu, siku ya mtihani akatolewa chumbani. Angefeli, tungejua amefeli. Angefaulu, tungejua. Sasa kwenye karatasi yake pamebaki wazi, na kiongozi mwingine wa klabu mwakani ataiangalia hiyo karatasi na kusema, unaona, hana CV.

Kuna mtu huwa namkumbuka nikifikiria haya. Aliou Cissé. Mwaka 2002 alikuwa nahodha wa Senegal, fainali ya Afrika dhidi ya Cameroon ikaenda penalti, yeye akakosa ya mwisho. Mwaka mmoja tu kabla ya Matola na Zamalek. Senegal ikamkabidhi timu ya taifa mwaka 2015. Mwaka 2019 akafika fainali akafungwa. Hawakumfukuza. Februari 2022 akawaletea kombe la kwanza katika historia yao, kwa penalti vile vile. Miaka saba kutoka kukabidhiwa mpaka kombe. Pale Msimbazi ndani ya miaka saba tungekuwa tumeshamzika Cissé mara nne, tukamfufua awe kaimu, tukamzika tena.

Siwezi kudai Matola ni Cissé. Inawezekana kabisa Matola ni msaidizi hodari na kiti cha kwanza kingemshinda. Wapo watu wa namna hiyo kwenye kila kazi, hata chumba chetu cha habari kina naibu mhariri ambaye bila yeye gazeti halitoki na akipewa uhariri mkuu atakimbia. Na kazi ya msaidizi tunaidharau bure. Nimekaa mazoezini nikaona. Kocha mkuu anafika na mkalimani na majina ya wachezaji kwenye karatasi. Msaidizi ndiye anayejua nani mama yake anaumwa, nani anamwogopa nani, nani ukimfokea mbele ya wenzake umempoteza wiki nzima. Anayajua kwa sababu aliyapitia kwenye jezi ile ile. Mgeni akiondoka hiyo elimu haiondoki naye, imebaki kwenye kiti cha pili. Kama Simba ilibaki imesimama katikati ya makocha tisa, kuna mtu alikuwa ameshika kamba.

Ninachotaka ni kidogo tu. Wamwambie ukweli. Kama ni msaidizi wa kudumu, wamwite hivyo, wamlipe hivyo, waache kumsukuma mbele moto ukiwaka na kumwondoa picha za kombe zikipigwa. Kama ni kocha mkuu, mara moja tu katika maisha yake wampe Agosti mpaka Mei.

Nilirudi kwa Mwalimu na hesabu zangu hizi zote. Nilikuwa nimemwandalia jibu zuri, nimeliandika kabisa kwenye simu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akifunga kamba za viatu vya mtoto mmoja asiyezidi miaka saba. Akasema, "Kaka, umeongea vizuri. Lakini mimi sikukuuliza habari za Simba. Nilikuuliza nitafika wapi."

Nikamwambia sijui. Nikamwambia daraja D aende, aanze hapo, na kama anaweza asiuze pikipiki, atafute njia nyingine, hata mimi nina kitu kidogo naweza kuchangia mwisho wa mwezi. Hakunijibu. Alipuliza filimbi, watoto wakakimbia kuzunguka chupa za maji zilizojazwa mchanga, ndizo koni zake.

Jumamosi iliyopita nikapita tena. Pikipiki haikuwepo pale chini ya mwarobaini anapoiegeshaga. Nikamuuliza iko wapi, akasema iko kwa fundi. Nimemjua mtu huyu tangu chandimu, na sijui kama nimuamini.